Sekunde 14: Shajara ya Mradi wa Muziki wa Matangazo ya Vyakula vya Haraka Nchini Japani

28 Agosti, Osaka

Nimeanza kuandika shajara hii leo, na tarehe nimeichagua kwa makusudi. Siku kama ya leo mwaka 1953, Nippon Television, kituo cha kwanza cha televisheni ya kibiashara nchini Japani, kilianza kurusha vipindi vyake mjini Tokyo, na tangazo la kwanza la biashara kuonekana humo lilikuwa la Seikosha, watengenezaji wa saa, ambalo kazi yake ilikuwa kuwajulisha watazamaji kwamba saa fulani imetimia. Hapakuwa na chakula wala sabuni.

Mradi wenyewe hauna makuu. Nakusanya matangazo ya televisheni ya migahawa ya vyakula vya haraka ya Japani, ya zamani na ya sasa, nasikiliza muziki unaopigwa chinichini katika kila moja, kisha najaza safu za jedwali: ala zilizotumika, mwendo wa mdundo, kama kuna mwimbaji au hakuna, muziki unaingia wapi, unanyamaza wapi na unaisha vipi. Matangazo ya sasa nayarekodi mwenyewe nyumbani. Ya zamani nayapata katika kanda za video za VHS ninazonunua kwenye masoko ya mitumba, kanda ambazo wenyewe walizirekodia tamthilia au mechi za besiboli, na matangazo yakanaswa humo kama dagaa katika wavu uliotegewa samaki wakubwa. Dhana ninayoanza nayo ni kwamba muziki huchaguliwa kwa kufuata chakula: chenye pilipili kipate gitaa la umeme, cha watoto kipate filimbi na kengele, nyama nzito ipate besi nzito. Nimeiandika hapa ili nisije nikajidai baadaye kwamba sikuwahi kuiamini.

3 Septemba

Jioni mbili zimeishia kwenye kuweka mipaka ya kipi kihesabiwe chakula cha haraka. Makampuni ya kigeni hayana shida: KFC ilijaribiwa katika Maonyesho ya Dunia ya Osaka ya mwaka 1970 na duka lake la kwanza likafunguliwa Nagoya mwezi Novemba mwaka huohuo, McDonald's ilifungua dirisha lake la kwanza tarehe 20 Julai 1971 ndani ya jengo la Mitsukoshi huko Ginza, Tokyo, Mister Donut ilianza mwaka huohuo wa 1971 katika mji wa Minoh, ambao kutoka ninapoishi ni safari fupi ya treni. Mwaka uliofuata zikaja Mos Burger na Lotteria, zilizoanzishwa hapahapa Japani. (Okinawa iliwatangulia wote kwa mgahawa wa A&W wa mwaka 1963, lakini wakati huo kisiwa kilikuwa bado chini ya utawala wa Marekani.)

Tatizo ni bakuli la wali na nyama ya ng'ombe, gyudon. Yoshinoya ilianza kuliuza mwaka 1899 katika soko la samaki la Nihonbashi, Tokyo, kwa wachuuzi wasio na muda wa kukaa, na sifa inayojitangazia hadi leo ni haraka, utamu na bei nafuu. Kama hicho si chakula cha haraka, sijui kingine ni kipi. Nimeamua gyudon iingie, na tambi za soba zinazoliwa kwa kusimama kwenye vituo vya treni zibaki nje, kwa sababu sijaona tangazo lake hata moja katika kanda zangu.

9 Septemba

Leo nimekaribia kuzitupa rekodi zote. Nilipozifungua katika programu ya kuhariri sauti niligundua kwamba kila tangazo, la mgahawa wowote, linaanza kwa mstari mtupu: picha ipo, sauti haipo, kwa nusu sekunde kamili. Mwishoni ni vilevile, kwani muziki unakatika kabla picha haijaondoka. Nilidhani mashine yangu ya kurekodia inachelewa kuamka. Nikabadilisha waya, nikaazima mashine nyingine, nikarekodi upya kutoka kituo tofauti, na nusu sekunde ile ikanifuata kama kivuli. Katika hangaika hiyo deki ya VHS imetafuna kanda moja ya mwaka 1988, na hasara hiyo ni yangu peke yangu.

13 Septemba

Jirani yangu ni mzee aliyefanya kazi ya kuchanganya sauti katika studio za hapa Osaka mpaka alipostaafu. Nilimpelekea kompyuta, nikamwonyesha ule mstari mtupu, naye akacheka mpaka akavua miwani. Kumbe ugonjwa niliokuwa nikiutafutia dawa ni kanuni ya kazi. Mafundi wa Japani huuita nonmon: tangazo linalopelekwa kituoni sharti liwe na nusu sekunde ya ukimya mwanzoni na nusu nyingine mwishoni, ili matangazo yanapounganishwa mfululizo sauti ya moja isije ikaligonga jirani yake. Tangazo la kawaida la Japani ni la sekunde 15. Mtunzi wa muziki, kwa hiyo, hupewa 14.

Niliporudi nyumbani nilichukua karatasi na kupiga hesabu, na hesabu hiyo imenifunulia mambo ambayo wiki mbili za kusikiliza hazikunifunulia. Muziki ukienda kwa mapigo 120 kwa dakika, mwendo ambao mguu huufuata bila kuambiwa, sekunde 14 hubeba mapigo 28, yaani mafungu 7 ya mapigo manne manne. Saba! Sikio lililolelewa na muziki wa dansi, kama langu, husubiri fungu la 8 ili sentensi ya muziki ifunge, na hapa halipo. Atakaye mafungu 8 kamili lazima akaze mwendo hadi mapigo 137 hivi kwa dakika. Atakaye utulivu wa mafungu 6 ashuke hadi karibu 103. Nimerudia kupima mwendo wa matangazo ya baga yanayonisumbua kwa pupa yake, na sasa naona kwamba pupa ile haikutokana na baga hata kidogo. Inatokana na mtunzi aliyebanwa kati ya kuta mbili za ukimya.

Tena sekunde 14 zenyewe hazimfikii zote. Mwishoni hukaa kile ambacho watu wa kazi huita saundo rogo, kibwagizo kifupi cha kampuni chenye noti chache. Cha McDonald's kina noti tano na kilienea duniani kupitia kampeni iliyozinduliwa Munich mwezi Septemba mwaka 2003. Kibwagizo cha namna hiyo kikichukua sekunde 2, mtunzi anabakiwa na 12, na kwa mwendo uleule wa 120 anapata mafungu 6 safi. Mzee alinieleza kwamba watunzi wengi hupanga kuanzia nyuma: kwanza huweka kibwagizo, kisha hurudi kinyumenyume hadi mwanzo, kama mshonaji anayeanza na pindo.

14 Septemba

Nyongeza fupi kuhusu ukubwa wa sauti, kwa kuwa jedwali lilikuwa linanidanganya. Katika kanda za zamani matangazo yanapiga kelele kuliko tamthilia, na nilikuwa nimeandika kwamba muziki wa miaka ya 1990 ulikuwa wa nguvu zaidi. Si hivyo. Tangu Oktoba 2012 vituo vya televisheni vya Japani hupima wastani wa sauti ya kila kitu kinachorushwa, na kiwango kinachotakiwa ni −24 LKFS, kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyoisikia. Kabla ya hapo kila aliyeweza kupaza alipaza. Safu yote ya ukubwa wa sauti nimeifuta.

22 Septemba

Wiki nzima nimekuwa nikishughulika na mwezi wa angani, na dhana yangu ya Agosti imeanza kuyumba.

Tsukimi ni desturi ya kuutazama mwezi mpevu, hasa usiku wa 15 wa mwezi wa nane katika kalenda ya zamani, usiku ambao kwa kalenda ya sasa huangukia Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Wasomaji wa pwani wanaopanda juu ya paa kuutafuta mwezi mwandamo wataielewa haraka, ila wajue kwamba Mjapani anausubiri ule uliokwisha kujaa. Mwaka 1991 McDonald's ya Japani ilianza kuuza baga ya tsukimi, yenye yai la mviringo juu ya nyama, na yai hilo ndilo mwezi. Baga hiyo imerudi kila mwaka tangu hapo, na migahawa mingine imeiga, kiasi kwamba mwanzoni mwa Septemba televisheni inajaa mayai.

Nililofanya ni kuyatenga matangazo yote ya baga zenye yai niliyonayo. Zipo za tsukimi, na zipo za teritama, baga ya mchuzi wa teriyaki na yai inayouzwa majira ya machipuko. Yai ni lilelile, na nyama inafanana. Kama muziki ungekuwa unafuata chakula, matangazo haya yangesikika kama ndugu. Hayasikiki hivyo. Katika rekodi zangu yai la Septemba linakuja na gitaa la kukwanyua, piano isiyo na haraka na sauti ya mwimbaji iliyo karibu mno na maikrofoni, kana kwamba anaimba dirishani jioni; yai la machipuko linakuja na makofi na ngoma. Mlaji angefumba macho asingeweza kujua kinachouzwa, lakini angejua kama nje koti linahitajika.

Hapa lugha yetu imenitatiza kidogo. Kamusi hutafsiri majira haya kuwa vuli, nami nimeandika vuli katika jedwali, lakini vuli yangu mimi ina mvua na matope na harufu ya udongo uliolowa. Vuli ya Japani ni anga kavu, wadudu wanaolia usiku na majani yanayogeuka rangi. Watunzi wanajua kuiamsha kwa njia fupi: wakitaka mtu akumbuke nyumbani kwa bibi yake, hutumia ngazi ya noti tano iitwayo yonanuki, inayoachwa noti ya 4 na ya 7, ambayo nyimbo nyingi za shule na za zamani za nchi hii zimejengwa juu yake. Mfululizo wa noti sita au saba kutoka ngazi hiyo unatosha.

6 Oktoba

Leo nimeshughulikia majina yanavyoimbwa. Den Fujita, aliyeileta McDonald's nchini, alilivika jina hilo sauti za Kijapani likawa Makudonarudo, mapigo sita ya ulimi yanayogawanyika tatu kwa tatu. Kila pigo lina irabu yake, kwa hiyo mtunzi huweza kulipa kila moja noti yake bila kubana wala kuvuta. Mswahili analitamka bila taabu, kwani silabi zetu nazo hupenda kuishia kwa irabu, na ndiyo maana vibwagizo hivi hunikaa kichwani kuliko vya Kiingereza.

Hata hivyo Kijapani kina kupanda na kushuka kwa sauti, na hapo Osaka na Tokyo hawaelewani. Watu wa Tokyo hufupisha jina hilo kuwa Makku, sauti ikianza juu na kushuka. Hapa Osaka ni Makudo, na kilele kipo katikati. Mahadhi yaliyotungwa kwa ajili ya moja hayawezi kulibeba jingine bila kulipotosha. Mwaka 2017 kampuni yenyewe ilifanya mchezo wa jambo hili, ikishindanisha baga ya Tokyo na ya Osaka kwa jina la Makku dhidi ya Makudo, na Osaka ikashinda. Nimeongeza safu mpya: jina limeimbwa, limesemwa, au limeandikwa tu.

19 Oktoba, Yokohama

Nimekuja kwa treni hadi Maktaba ya Utangazaji, ambako mtu yeyote huweza kuketi mbele ya skrini na kutazama vipindi na matangazo ya zamani bila malipo. Kunakili hakuruhusiwi, kwa hiyo nimekaa na penseli na saa ya kupimia mbio kuanzia asubuhi mpaka walipotaka kufunga. Ukali huo unaeleweka: muziki wa tangazo moja una mtunzi, mwimbaji, wapigaji na kampuni, na chama cha JASRAC kimekuwa kikisimamia haki za watunzi wa nchi hii tangu mwaka 1939. Ndiyo sababu matangazo mengi ya zamani yanaishi katika kanda za majumbani kuliko mahali pengine popote.

Nilikuja kutafuta baga, nikajikuta nikirudi nyuma kuliko baga. Redio za kibiashara zilianza Septemba 1951, na mwaka huohuo Miki Toriro akatunga wimbo wa kampuni ya Konishiroku, watengenezaji wa filamu za kamera, kuhusu mpiga picha wa ridhaa asiyejua kazi. Huo huhesabiwa kuwa wimbo wa kwanza wa tangazo nchini Japani. Ulikuwa na mzaha na visa vyake, na jina la bidhaa halikutajwa ndani yake hata mara moja, jambo lililonishangaza kuliko yote niliyoyaona leo. Kwa hiyo ustahimilivu wa mtangazaji wa Kijapani, wa kuuacha muziki uzungumze mambo mengine kabisa, una umri sawa na matangazo yenyewe.

Kutoka hapo njia mbili zinaachana. Moja ni ya watunzi wa kazi hii hasa, kama Kobayashi Asei, aliyetunga nyimbo za matangazo ambazo watoto walizijua kuliko nyimbo za shule. Nyingine ni ya wanamuziki wa albamu walioingia mlango wa matangazo: Otaki Eiichi aliimbia soda ya Mitsuya Cider mwaka 1973, na Yamashita Tatsuro alifanya kazi nyingi za matangazo kabla rekodi zake hazijaanza kuuzwa. Njia hii ya pili ndiyo iliyozaa taiappu, mpango ambapo wimbo mpya wa msanii huingia katika tangazo na vyote viwili vikauzana. Migahawa ya baga ilifika wakati njia zote mbili ziko wazi, na nionavyo mimi ilichagua vibaya kwa miaka mingi. Vibwagizo vya watunzi wa kazi vilikuwa bora kuliko nusu ya nyimbo za taiappu zilizokuja baadaye, ambazo hukatwa katikati ya kiitikio kwa sababu hazikuzaliwa kwa ajili ya sekunde 14.

Kurudi Osaka nimechelewa. Nimekula gyudon kituoni, kwa ajili ya utafiti.

11 Novemba

Shizuru. Ndilo neno la watu wa kazi kwa ile picha ya karibu ambapo mvuke unapanda, mchuzi unatiririka na jino linaingia kwenye ganda la kuku. Nilikuwa nimeandika katika jedwali kwamba muziki huendelea tangazo zima. Nilipoisikiliza tena sehemu ya shizuru peke yake, kwa vipokea sauti vya masikioni, niligundua kwamba muziki mara nyingi hushuka au hunyamaza kabisa kwa chini ya sekunde moja ili mlio wa chakula upite. Kijapani kina utajiri wa tanakali za sauti kwa jambo hili: sakusaku ni ukavu unaovunjika mdomoni, hokuhoku ni kiazi cha moto kinachomumunyuka, torotoro ni jibini au yai linalotiririka. Msimulizi hulitamka neno mahali palepale muziki uliponyamaza.

Wapo walioenda mbali zaidi. Mashine za kukaangia chipsi za McDonald's hulia chipsi zinapoiva, mlio ambao Wajapani huuandika tirori, na kampuni imeufanya mlio huo kuwa muziki wa matangazo yake. Huo ndio muziki pekee katika jedwali langu ninaoweza kusema kwa uhakika kwamba umetoka jikoni.

3 Desemba

Gurakoro imerudi, baga ya katlesi yenye mchuzi mweupe, kamba na makaroni, inayouzwa majira ya baridi tangu mwaka 1993, na kengele zimerudi nayo. Nimeweka alama bila kusita. Kumbe nimeanza kukisia muziki kwa kutazama kalenda kabla ya kuwasha televisheni, na mara nyingi napatia.

24 Desemba

Krismasi si sikukuu ya serikali hapa, na Wakristo ni wachache mno, wastani wa asilimia moja. Hata hivyo leo foleni ya KFC iliyo karibu na kituo imefika barabarani, na wengi waliomo walitoa oda zao wiki kadhaa zilizopita. Kampeni ya kuku wa Krismasi ilienea nchi nzima mwaka 1974. Katika kanda zangu za zamani KFC hutumia wimbo wa Stephen Foster wa mwaka 1853 kuhusu nyumbani Kentucky, wimbo ulioeleza chakula hiki kinatoka wapi. Tangu mwanzoni mwa karne hii, kila Desemba hurudi wimbo wa Takeuchi Mariya, Suteki na Holiday, ambao haumwambii mtu lolote kuhusu Kentucky. Unamwambia kwamba Krismasi imefika tena. Nimesimama nje ya duka dakika kumi kuwatazama watu, na mtoto mmoja aliyeshikwa mkono na baba yake alikuwa akiuimba kabla spika haijafika kwenye kiitikio.

Usiku nimelifungua jedwali na kuihamisha safu ya mwezi tangazo liliporushwa kutoka mahali pa tisa hadi mahali pa kwanza. Safu ya aina ya chakula imekwenda mwisho.

26 Desemba

Nimepita duka lilelile saa tatu asubuhi. Wimbo wa jana haupo, mapambo hayapo, na spika ya barabara ya maduka inapiga Haru no Umi, utunzi wa Miyagi Michio wa mwaka 1929 wa koto, ala ya nyuzi, na filimbi ya shakuhachi, ambao nchi hii huupiga kuukaribisha mwaka mpya. Mwenye duka la mboga ananiambia waliubadilisha jana usiku baada ya kufunga. Bado nina kanda 11 ambazo sijazifungua. Ya juu imeandikwa kwa kalamu ya wino: Januari, 1992.